TV ya Marehemu wa Mabira

Tafu... tafu... tafu.

Evaresta alifumbua macho gizani, akabana pumzi. Sauti ilitoka sebuleni. Haikuwa ya panya, panya anaguguna haraka haraka kwa meno makavu. Hii ilikuwa ya polepole, ya majimaji, ya ufizi kukutana na ufizi, na kila baada ya muda mate yalivutwa ndani. Halafu harufu. Kahawa ya kutafuna, ile inayokaushwa na maganda yake, imechanganyika na pumzi ya mdomo uliolala siku nyingi bila kuoshwa.

Akapapasa kitanda kumtafuta mwanawe.

Ainebyona hakuwepo.

Alimkuta sebuleni, mtoto wa miezi tisa asiyejua hata kusimama, ameketi mbele ya TV iliyochomolewa waya. Kidevu kinang'aa mate. Mdomoni ana kitu. Evaresta akatia kidole akakitoa, ndizi ya kupika, imetafunwa tayari, imelainika kama uji.

Ilikuwa na joto.

"Baba Aine, hii TV iondoke," alisema asubuhi, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, sauti, ndizi, joto lile, mpaka Polikarpi akaacha kufuta pikipiki yake.

"TV inaumwa macho tu," mumewe akasema. "Picha inapanda, inashuka. Fundi Projest akiigusa itapona. Wewe sema unataka TV ya flati kwa sababu jirani ana flati."

"Sitaki flati. Nataka yoyote isiyokuwa hii."

"Mtoto ameokota ndizi chini akala. Fagia nyumba, mama Aine, usiisingizie TV ya watu."

Akawasha pikipiki, akaenda kutafuta abiria.

TV yenyewe ilikuwa ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, nzito kama gunia. Waliitoa kijijini Mabira kwa mwanamke mmoja, Anatolia, aliyekuwa anaondoa vitu vya marehemu mama yake. Siku ile Anatolia aliwapa kahawa kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyopewa. Kisha akachukua punje moja zaidi, akaipasua kwa meno yake, akaitia mdomoni mwa Ainebyona. "Na mgeni mdogo apokelewe," alisema. Evaresta akacheka kwa adabu. Unamkatalia vipi mwenyeji kahawa?

Tangu wiki ile mtoto aliacha ziwa. Akisogezewa anageuza uso, anabana midomo. Matiti yalijaa yakawa mawe, maziwa yakalowesha blauzi, na mtoto yule yule akazidi kunenepa. Kliniki, muuguzi alitazama mzani akafurahi. "Anaongezeka vizuri, mama. Unamlisha nini?" Asubuhi hiyo nepi ilikuwa imejaa maganda ya kahawa.

Mchana Projest akaja na mkoba wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Alifungua skrubu za nyuma huku anapiga mluzi. Kifuniko kikatoka.

Mluzi ukakatika.

Bodi yote ilikuwa imezikwa chini ya ndizi zilizotafunwa, tabaka juu ya tabaka. Za chini zimeota kuvu ya kijani, za juu bado zinateleza. Nyuzi za mate zilining'inia kati ya waya na waya. Maganda ya kahawa kila mahali. Projest alikuwa ameshatia mkono kabla hajaona. Akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena, akaunusa, akatapika dirishani.

"Nilikuja kukuambia tengeneza au tafuta nyingine," akanong'ona. "Hii haijaharibika, mama. Humu kuna mtu anakula."

"Si panya?"

"Panya anameza."

Aliondoka bila kufunga kifuniko. Evaresta akachukua mafuta ya taa na kiberiti. Akasita... Akampigia kwanza Anatolia.

"Usiichome," sauti ikasema kabla hajamaliza. "Nakuja."

Jua lilikuwa linazama Anatolia aliposhuka kwenye bodaboda. Hakusalimia. Aliketi sakafuni mbele ya TV kama mtu aliyerudi kwao.

"Mama alitutafunia sisi sote," akasema taratibu. "Na wajukuu wote. Alipokufa, akaendelea. Wa kwangu alinenepa, nami nikafurahi. Nilipojua, nikachoma nguo zake, nikachoma kitanda chake. Akakasirika, akaacha. Mtoto hakupokea tena chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Alikufa kwa njaa, ndizi ziko mbele yake."

Evaresta alimkumbatia Ainebyona kwa nguvu. "Na wewe ukatusukumia sisi."

"Alikuwa amebaki na hii TV tu, na mimi nina mwingine tumboni." Anatolia aliinamisha kichwa. "Nikampatia mjukuu."

Ndani ya TV ikaanza. Tafu... tafu...

Mtoto akafungua mdomo, akageukia kule.

"Nifanye nini?" Evaresta akauliza. "Niambie haraka."

"Mpokee kazi. Chota hicho, utafune wewe, umlishe. Mtoto akipokea kwako, mama ataachia."

"Hicho?"

"Cha juu. Chenye joto."

Evaresta alichota. Kilimteleza vidoleni kama kamasi. Alifumba macho, akakitia mdomoni, na koo likapanda likashuka, likapanda likashuka. Uchachu. Kahawa. Unywele mrefu ukajizungusha kwenye ulimi wake. Na chini ya hayo yote, utamu... ndio uliomtia kinyaa kuliko unywele. Alitafuna. Akainama, mdomo kwa mdomo, akampa mwanawe.

Ainebyona akameza.

TV ikanyamaza. Mtoto akaanza kupapasa blauzi, akalipata ziwa, akanyonya kwa pupa, na machozi yakamtiririka mama yake.

"Imekwisha," Anatolia akanong'ona. "Sasa usimwambie mumeo, mwanaume ataichoma. Wala padri, wala mama yako. Mimi nawe tu, asijue mwingine. Ahidi."

Nje, pikipiki ya Polikarpi ikazimwa.

Evaresta akataka afunge kwanza mdomo, ameze, aseme vizuri. Hakukuwa na kitu tena cha kumeza, lakini taya hazikukubali kusimama.

"Sitamwambia mtu," akaahidi hivyo hivyo, huku anatafuna.