Kamera Yenye Sura ya Zamani

Duka la kuchapishia picha lilikuwa limefurika wateja wakati mpiga picha, aliyevaa gauni la kitani la rangi ya zaituni, alipopigwa kikumbo mlangoni. Kamera yake ingalianguka sakafuni kama fundi wa kamera wa duka hilo asingaliudaka mkanda wake.

"Dada, bado unatumia filamu? Hii ni ya enzi za babu!"

"Babu yako, labda. Hii ni ya dijitali, kaka. Sura tu ndiyo ya zamani. Kasi na mwanga vina magurudumu yake, na lenzi ya marehemu baba inaingia bila shida. Haipigi video, lakini kuna mtu aliyetaka kunipa mbili mpya kwa hii moja, nikakataa."

"Basi niisafishe. Bure."

"Bure ina mambo."

"Namba ya simu tu, dada yangu."

Miezi mitano baadaye hawakuitana tena kaka na dada. Kila Ijumaa fundi aliisafisha kamera ile, kila Jumamosi mpenzi wake akaenda nayo kazini.

Jumamosi moja msichana alipiga picha za mahafali ya chuo cha wauguzi. Zikipendeza, angepewa kazi ya chuo mwaka mzima. Katika kioo cha kuchungulia, kisichoonyesha athari za magurudumu, aliuona ukumbi unang'aa. Skrini ya nyuma hakuitazama hata mara moja. Alipozifungua nyumbani, picha zote zilikuwa giza.

Akampigia fundi simu. "Umegusa gurudumu la mwanga?"

"Nililishusha hadi hasi tatu, mwisho wa giza, nilipokuwa nikilisafisha. Nilisahau kulirudisha. Nisamehe, mpenzi."

"Wauguzi mia moja wamekuwa vivuli! Usinipigie tena!"

Fundi hakupiga. Alikwenda mwenyewe, shati lake limeloa jasho. Mama wa msichana akamfungulia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humu ndani mnawaka moto, mwanangu."

"Nimekuja kuungua, mama."

Akaketi kando ya mpenzi wake, mbele ya kompyuta. "Ulihifadhi faili ghafi?"

"Kama kawaida."

"Basi nyuso zao zimo humo. Tuzitoe."

Wakaziongezea mwanga kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Katika weusi ukajitokeza mkono, kisha kofia, kisha mzee akilia begani mwa bintiye. Msichana akaziba mdomo wake.

"Hata mimi nilipaswa kulitazama gurudumu kabla ya kupiga," akasema polepole. "Nilijitia ujuzi. Nawe hukujitetea hata kwa neno moja. Asante."

Jumatatu chuo kilimpa kazi. Akampigia fundi kabla ya mtu mwingine yeyote, simu ikiwa kwenye spika.

"Nashukuru, mpenzi. Nashukuru sana."

"Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kukuposa. Yote yamenitoka."

"Yaseme mabaya, basi."

"Nataka kuishi nawe, ukali wako pamoja."

"Amekubali!" mama akadakia kutoka jikoni.

"Mama! Hukuulizwa wewe!" Kisha akaisogeza simu mdomoni, akanong'ona, "Lakini hajakosea."