Eda ya Ummulkheir

"Mwambie unga upo, lakini sukari imekwisha," Ummulkheir alisema, macho yake dirishani.

"Yuwakusikia," Bi Jihan akajibu. Simu alikuwa ameishika kiganjani, sauti ameifungua hadi mwisho. "Mwambie mwenyewe."

"Mimi sina neno naye."

Upande wa pili, Zein akavuta pumzi. "Mama, mwambie sukari itakuja kesho. Nitampa askari pale kizuizini, mtu ashuke aichukue."

"Mwambie ahsante."

"Mwambie si kitu."

Bi Jihan akatazama dari. "Subhanallah! Uzee huu nimekuwa posta?"

Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu Zein alipotamka lile neno. Alikuwa dereva wa ambulansi. Korona ilipoingia Mombasa alipewa kazi ya kubeba wagonjwa wake, akanyamaza asimwambie mkewe. Ummulkheir alikuja kuyasikia kwa majirani, asubuhi ambayo hakuna aliyefika mlangoni kununua mahamri yake. Jioni ile walitupiana maneno mpaka yakawa makali kuliko walivyokusudia.

"Chagua, Zein. Kazi hiyo au mimi."

"Na hao wagonjwa nani atawabeba?"

"Wewe una mama mzee humu ndani! Na umenificha!"

"Basi nimekuacha. Talaka moja."

Akaenda kulala kwa mwenzake wa kazi, Lennox, huko Tononoka. Haukupita muda serikali ikaufunga Mji wa Kale, asiingie mtu wala asitoke. Ummulkheir akabaki na mkwewe kwenye nyumba ile ya orofa karibu na Ndia Kuu, akikaa eda ya hedhi tatu kama sheria inavyotaka. Kabla eda haijaisha, Zein angeweza kumrejea kwa neno moja tu. Ikiisha, ndoa imekwenda.

Mji ukanyamaza. Misikiti ilifungwa, watu wakaswali tarawehe majumbani, na sauti ya bahari iliyokuwa ikimezwa na honi na makelele ya wachuuzi ikapanda hadi vyumbani. Harufu ya asmini ilizurura vichochoroni bila mtu wa kuinusa. Ummulkheir alikuwa akijilaza baada ya alasiri, mikono ingali na unga, na kila mara aliota ndoto ile ile: Zein ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo yamwenda, sauti haitoki. Akizinduka, hukaa kitako akisikiliza, kana kwamba maneno yale yamebaki kwenye chandarua.

Asubuhi moja, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, mzee Abdulbasit fundi saa, alizidiwa. Madirisha ya kichochoro kizima yakafungwa. Watu wawili waliovaa mavazi meupe toka utosini hadi miguuni wakapanda kumchukua. Ngazi zilikuwa nyembamba, machela ikagoma kupinda.

"Usiogope, babu," sauti ya kike ilisema. "Tutakwenda polepole. Hatuna haraka sisi."

Walipofika chini, kofia ya mzee ilianguka. Yule mwanamke akainama na mavazi yake yote yale, akaiokota, akaipangusa, akamvika. Ummulkheir aliyaona hayo kupitia upenyo wa dirisha. Akachukua barakoa yake, akashuka ngazi mbio, akasimama mbali kidogo.

"Dada! Mwafanya kazi na Zein?"

"Zein?" Yule mwanamke akageuka. Jina lake, Kache, lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino kifuani. "Huyo ndiye aliyetufunza kutowaharakisha wazee. Wewe ni nani wake?"

Ummulkheir akaivuta barakoa hadi chini ya macho.

"Mimi... mimi ni jirani."

Usiku wake alishindwa kula daku. Alichukua simu, akaandika, akafuta, akaandika tena: *Leo nimeona kazi yako kwa macho yangu. Nilikuwa na hofu, nikaiita hasira. Nisamehe.*

Akautuma. Ujumbe ukabaki na alama moja tu ya tiki, haujamfikia. Siku ya pili vivyo hivyo. Bi Jihan naye alipiga mchana kutwa, simu ya mwanawe haikupatikana. Idi ikapita kimya, biriani ya watu wawili.

"Zein hanifanyii hivi," Bi Jihan alisema. "Mimi mamake!"

"Hakufanyii wewe, Mama. Yuwanifanyia mimi. Yuwangoja eda iishe ili asiwe na haja ya kusema kitu."

"Usimdhanie hivyo mwanangu."

"Nimdhanie vipi basi?"

Bi Jihan akaipiga tena nambari ya mwanawe. Baada ya siku kadhaa, Ummulkheir alitoka kuoga alfajiri, nywele zikimdondoka maji, akaketi miguuni pa mkwewe.

"Mama, eda yangu imekwisha."

Bi Jihan alimkumbatia kichwa, akalia bila sauti. Kulipokucha, Ummulkheir akaanza kukunja nguo zake aende kwa kakake Kibokoni. Alikuwa akilifunga furushi simu ilipolia. Nambari hakuijua.

"Asalaam aleikum. Naitwa Kache, muuguzi. Nazungumza na Ummulkheir?"

"Ndiye mimi."

"Wewe si yule *jirani*?"

Ummulkheir akakaa juu ya furushi.

"Dada, sikiza. Zein alipata ugonjwa ule ule anaoubeba. Tulimlaza siku ile ile tuliyomchukua mzee wenu. Amekuwa kwenye oksijeni, hana nguvu hata ya kuinua kijiko. Simu yake ilizima moto na hakutaka tuwaambie, eti mamake atakufa kwa wasiwasi. Leo ndiyo ameweza kuketi. Nimemtilia simu moto, akasoma ujumbe, akalia. Nampa simu."

Kukawa na mkwaruzo, kisha pumzi nzito.

"Ummu."

Alikuwa hajaitwa hivyo tangu talaka. Machozi yakamtoka kabla hajajua.

"Zein! Mbona hukusema?"

"Nilitaka nipone kwanza." Akatua, akavuta hewa. "Ummu, nimekurejea. Umesikia? Kache yuko hapa, Lennox yuko mlangoni, wao mashahidi. Mke wangu nimemrejea."

Ummulkheir alifumba macho. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Siku za mwanamke anazijua mwenyewe na Mola wake, nani angemuuliza?

"Umechelewa," alisema. "Nimeoga alfajiri ya leo. Eda imekwisha."

Mashine fulani ilisikika ikilia taratibu upande ule.

"Alhamdulillahi," Zein akasema.

"Wasemaje?"

"Nasema alhamdulillahi. Ningewahi, ningekuchukua kama mtu anayerudi kuchukua mwavuli alioutupa mwenyewe kwa hasira. Sasa siwezi. Sasa sharti nikuombe." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Ummulkheir, wanikubali?"

Mlangoni, Bi Jihan alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso.

"Nina sharti," Ummulkheir akasema.

"Hata kumi."

"Moja. Usinifiche tena. Unachokibeba, nikijue. Nikiogopa, niache niogope, lakini nikijue."

"Na ile kazi?"

"Kazi nani alikwambia uiache? Nani atawabeba?"

Zein akataka kucheka, pumzi haikumtosha. Kache akamnyang'anya simu. "Basi, bwana harusi apumzike! Dada, kwaheri, jirani mwema wewe!"

Vizuizi vilipoondolewa mwezi wa Juni, posa ilipelekwa Kibokoni kama kwa mwanamwali. Harusi ikawa ya sebuleni, watu wachache walioruhusiwa, barakoa usoni, viti vimetenganishwa. Kache aliketi karibu na biharusi, akishika pindo la buibui alilokopeshwa. Mzee Abdulbasit, aliyerudi nyumbani na fimbo, alisisitiza awe shahidi. Zein alikuwa amekonda, kanzu ikimpwaya mabegani. Sheikh alipomtajia mahari na jina la mke, alijibu kwa sauti iliyopasuka:

"Nimekubali kumuoa."

Bi Jihan akapiga kigelegele ndani ya barakoa, kikatoka kama filimbi iliyoziba, watu wote wakacheka.

Alasiri maharusi walitoka peke yao, wakaenda hadi Mama Ngina, ukingoni mwa bahari. Ufuo mzima ulikuwa mtupu. Muuzaji mmoja tu wa mihogo aliwatilia pilipili na ndimu bila kuulizwa. Waliketi kwenye ukuta, wakatazama maji yakibadilika rangi.

"Jumatatu narudi kazini," Zein alisema.

"Najua."

"Waogopa?"

"Naogopa sana."

"Hata mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri hivyo. Ummulkheir akampangusa chembe ya pilipili kidevuni, akautia mkono wake ndani ya mkono wa Zein.

"Nyanyuka, mume wangu. Twende, kafyu ya usiku isitukute njiani."