Wiki Moja ya Mwezi

Uwanja wa ndege wa Edmonton siku ile ulifurika watu wa kisiwa cha Newfoundland, na mtu wa Newfoundland akienda bara hukosi kumtambua: anaburuta kasha la plastiki la bluu lililozungushiwa utepe, na ndani mna chakula cha nyumbani. Mkanda wa mizigo ulikuwa ukiyazungusha makasha hayo, yote rangi moja, yote kimo kimoja. Corinna Stuckless, fundi wa mapazia wa mji wa St. John's aliyekwenda kumtembelea dada yake Paulette, alivuta la kwanza lililomfikia akaondoka zake. Alivaa koti jekundu la sufu alilojishonea mwenyewe, na alikuwa na haraka, maana Paulette akisubirishwa hulalamika wiki nzima.

Simu iliita yeye na Paulette wakiwa bado njiani kwenda mjini.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ilisema. "Umemchukua mama yangu."

"Nimemchukua nani?"

"Mikate yake, jemu yake na soksi alizonifumia. Mimi nimebaki na samaki wako wa chumvi. Bahati uliandika namba yako kwenye kifuniko."

"Na huna aibu kufungua kasha la mtu?"

"Nilidhani ni langu. Sasa hoteli nzima hapa uwanjani inanuka ng'onda, mapokezi wananitazama vibaya. Mkate mmoja kula, mpenzi, nimekuruhusu. Soksi nazitaka."

Jina lake lilikuwa Hedley Rideout, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye machimbo ya mafuta. Walikutana mgahawani kubadilishana makasha, wakakaa mpaka wahudumu wakaanza kupindua viti. Alikuwa na mabega mapana na shati la mirabamiraba lililokosa kifungo. Corinna alitoa sindano mkobani akakishona kifungo hapo hapo, shati likiwa mwilini, na Hedley akasimama wima akizuia pumzi. Wote wawili walijua walikokuwa wanaelekea.

Zamu za Hedley zilikuwa wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani kwa Corinna. Kwa miaka mitatu Corinna alipendwa kwa simu, na kwa simu Hedley alikuwa moto wa kuotea mbali.

"Umevaa nini leo?"

"Aproni, na pini mdomo mzima."

"Usizimeze. Nakuja Alhamisi, nikuzibue mdomo mwenyewe."

"Njoo na adabu zako."

"Adabu nimeziacha kambini, zinalinda kitanda changu."

Corinna alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha simu ilikatwa, na nyumba ikawa na sauti ya jokofu tu. Alhamisi ikifika, Hedley aliingia amechoka, analala, anatengeneza gari, analala tena, na kabla hawajazoeana upya mkoba ulikuwa mlangoni. Mashoga zake walimwita Corinna mjane wa wiki tatu. Alicheka nao, akienda nyumbani analia.

Mwezi wa tatu mama yake Hedley alifariki. Theluji ilifunga barabara, Corinna hakufika mazikoni. Hedley alizika, akapanda ndege akarudi kazini, na kuanzia hapo hata simu zilipungua utamu.

Ndiyo maana, mwezi wa sita, alipopiga na kusema, "Milima ya barafu imefika pwani ya kaskazini, funga mizigo, tunakwenda kwetu," Corinna alinunua koti la mvua la manjano na hakulala kwa furaha. Miaka mitatu hajaonyeshwa kwao. Kama si sasa, lini?

Barabara ilikuwa ndefu, na Hedley alikuwa bubu. Misonobari ilipita, maziwa yalipita, ukungu uliingia ukatoka. Walipogeuka mjini Gander kuelekea kaskazini, bahari ikajitokeza, na ndani yake mlima wa kwanza wa barafu, mweupe wenye mishipa ya bluu, umetulia kando ya vibanda vya wavuvi. Magari yalikuwa yameegeshwa ovyo, watoto wanakula barafu za rangi na meno yanawagongana.

"Angalia ule wenye tundu katikati," Corinna alisema. "Unaweza kupitisha kanisa."

"Mzuri," Hedley alisema.

"Mzuri tu?"

"Mzuri sana."

Simu yake ikatetemeka. Alishuka, akaenda nyuma ya gari. Upepo ulikuwa upande wa Corinna, ukamletea maneno: "Hapana, bado sijamwambia. Nitamwambia tukifika kwa mzee."

Corinna alimtumia dada yake ujumbe papo hapo. Paulette akapiga simu.

"Ni pete hiyo, mjinga wewe. Mwanaume akinyamaza safari nzima, ana pete mfukoni."

"Huyu hacheki hata kidogo, Paulette."

"Anaogopa utakataa. Umepaka rangi kucha?"

Hakuwa amepaka. Alipaka garini, mashimo ya barabara yakimharibia, na moyo wake ukaanza kujenga nyumba.

Gunner Arm, kijiji cha kina Hedley, ni nyumba chache za mbao kuizunguka ghuba, ya mwisho ikiwa ya baba yake, Mzee Clayton Rideout, nyeupe yenye dirisha la kijani. Hedley alipanda ngazi za mlango wa jikoni, akavua kofia, akabisha hodi.

Corinna alimtazama asiamini. Pwani ile habishi mtu. Unasukuma mlango, unaingia na matope yako, ndipo unauliza kama wapo. Anayebisha ni polisi, au kasisi.

Ndani kiti kilianguka. Mlango ulifunguliwa polepole, na mzee mrefu, mwembamba, akasimama pale akifunga vifungo vya sweta kama anayejiandaa kupokea wageni wa heshima.

"Nani tena?" aliuliza kabla hajawaona vizuri. "Nani amekufa?"

"Ni mimi, baba."

Mzee Clayton alishika fremu ya mlango. "Kasisi alibisha hivyo hivyo mwezi wa tatu," alisema. "Usinifanyie hivyo tena, mwanangu. Ingia. Na wewe binti, ingia, umekonda, nani anakunyima chakula?"

Aliwapa samaki na viazi. Alipasua kipande cha barafu alichokiokota ufukweni, akakitumbukiza kwenye glasi za ramu, kikaanza kulia tik-tik kikitoa hewa ya kale iliyofungwa ndani yake. Mzee aliongea, Corinna alijibu, Hedley alitazama simu.

Baada ya kula Corinna alimshika mkono akamtoa nje. Mlima wa barafu ulikuwa umekwama mdomoni mwa ghuba, unavuja maji, na baridi yake iliwafikia mpaka kwenye kokoto waliposimama. Hawakusogea zaidi, kwani mlima ule ukitaka kupinduka haukupigii simu.

"Umebisha kwenu, Hedley."

"Mkono ulijiendea. Nimefika pale, nikaona mama hayupo. Nikajiona sina ruhusa."

Corinna alitaka kumkumbatia kwa neno hilo, lakini kwanza alitaka kujua. "Nani anakupigia? Nilikusikia. Ni kitu gani hujaniambia?"

Hedley aligeukia bahari. "Msimamizi wangu. Wamenipa kazi ya kudumu. Hakuna zamu tena, na nyumba wanatoa. Nimekubali. Naripoti wiki hii, napanda ndege Gander kesho."

Corinna alificha kucha zake ndani ya mikono ya koti.

"Na mimi?"

"Kule kuna madirisha mengi," alisema Hedley, macho chini. "Watu watahitaji mapazia."

"Hilo ni ombi au ni taarifa?"

Hedley aliinama, akaokota jiwe, akalirusha majini. Mtu mzima, mikono inayounganisha vyuma, ameshindwa kuunganisha maneno matatu. Corinna alisubiri mpaka baridi ikamwingia mifupani. Kuwa mpweke St. John's alikuwa amekuzoea. Upweke wa kusimama bega kwa bega na mpenzi wako ulikuwa mgeni kwake, na ulimuuma zaidi.

Asubuhi Corinna alimkuta Mzee Clayton anakoroga uji.

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

"Mimi nilidhani amekuleta mkae," mzee alisema, bila kugeuka. "Nilishapaka rangi chumba cha juu."

"Nami nilidhani hivyo, baba."

Hedley alipoaga, mzee alimshika shavu, akamwachia.

Kwenye uwanja wa ndege wa Gander, mbele ya mlango wa abiria, Hedley alimpa Corinna funguo za gari, akambusu paji la uso. "Nitakupigia," alisema, akaingia.

Corinna alikuwa bado anasogeza kiti kifikie kimo chake, simu ikaita.

"Wewe mwanamke wa ng'onda," Hedley alisema, na sauti ilikuwa ile yenyewe, ya joto, ya miaka mitatu. "Bado unanuka kwenye shati langu."

Alicheka bila kutaka. "Ni wewe unayenuka."

"Jana nilikuwa mpumbavu. Ulivyosimama na hilo koti la manjano, barafu nyuma yako, nilitaka kupiga magoti kwenye yale mawe. Corinna, sitaki kuamka tena mahali usipo. Sijui kuishi hivyo. Utakubali nikuoe?"

Machozi yalimjaa. Kila neno lilikuwa lile alilolingoja, na lilikuwa limekuja kwa simu.

"Hedley, niko hapa mlangoni. Sijaondoka. Toka uniulize."

Tangazo likasikika upande wake.

"Nimeshapita ukaguzi, mpenzi."

"Utapita tena. Au usipite."

"Wanatuita kwenye ndege."

"Nawasikia."

"Niambie tu ndiyo. Nikifika tu, nitakupigia tuongee vizuri."

"Nimeongea nawe vizuri miaka mitatu," Corinna alisema. "Nataka mtu nitakayemwona akiongea. Toka nje, Hedley. Hatua chache tu."

Alimsikia akipumua. Alisikia jina lake likitangazwa, Rideout, mara ya mwisho. Kisha akasikia magurudumu ya mkoba yakianza kuviringika, na kwa muda hakujua yanaelekea wapi, akapangusa macho kwa kiganja na kujitazama haraka kwenye kioo.

Mlango wa abiria ulifunguka akatoka mama mmoja na mtoto. Ukajifunga.

Simu ilikuwa imekatika. Corinna hakuwasha gari. Alikaa pale, macho mlangoni, hadi ndege ilipopaa na Hedley ndani, ikapotea mawinguni, ili asije akasema hakusubiriwa.