Mchezaji wa Meza ya Nne

Giza lilikuwa limeanza kuingia Stamena alipoegesha gari mbele ya ukumbi wa kijiji kile cha ng'ambo ya mto uitwao Tisa. Ilikuwa Jumapili ya ligi kama Jumapili nyingine. Theluji, moshi wa kuni, mbwa mmoja anayebweka bila sababu. Akakung'uta viatu mlangoni, akaingia.

Tangu wamzike kaka yake Radoje, alikuwa anafanya kila kitu hivyo hivyo, kwa mazoea. Alichemsha ngano ya matanga, akapokea wageni, akaosha vyombo. Hakulia. Watu walimsifu eti ana moyo mgumu, kumbe alikuwa amekufa ganzi mwili mzima. Ungemchoma sindano, angekuuliza saa ngapi.

Ndani, mzee Gvozden, kapteni wao, alikuwa anapanga wachezaji. Timu ya sataranji ni watu sita. Wao walikuwa watano, na wakifungwa leo klabu yao ya kiwanda cha sukari inashuka daraja.

"Mena, binti yangu," akanong'ona, "usinielewe vibaya. Nimemweka Radoje meza ya nne."

"Radoje amekufa, kapteni."

"Najua amekufa, jeneza nililibeba mimi. Lakini ligi hawajamfuta. Nikimtoa, wewe na Sreten wa meza ya sita mnapanda meza za juu, mnakutana na watu watakaowatafuna. Nikimwacha, tunapoteza meza moja tu. Saa yake ya mchezo itakwenda, muda utaisha, basi."

"Arobaini yake bado."

"Mena. Ni jina tu."

Alipaswa kukasirika. Aliitafuta hasira, hakuipata.

"Sawa," akasema.

Basi jina likasomwa mbele ya watu, kwa sauti, kama ilivyo desturi kabla ya mechi. Meza ya nne, Radoje Vukojev. Hakuna aliyeitikia.

"Mwenzenu kaingia mitini?" kapteni wa wenyeji akauliza.

"Yuko njiani," Gvozden akajibu. "Akifika huyo, mtaomba maji."

Ukumbi ukacheka.

Mpinzani wa meza ya nne alikuwa mfamasia wa kijiji, bwana mnene mpole aitwaye Krsman. Kiti kilichomwelekea kilibaki kitupu. Stamena alikaa meza ya tano, bega kwa bega na kiti hicho, kama walivyokaa yeye na kaka yake miaka yote. Radoje alipangiwa kete nyeupe, kwa hiyo saa yake ndiyo iliyokuwa inakwenda.

Michezo ikaanza. Ukumbi ukanyamaza. Jiko la kuni lilikuwa linanguruma, watu wamevua makoti.

Kwanza ilikuja harufu.

Matope ya mto... na majani yaliyooza chini ya maji.

Kisha baridi, ikimpanda Stamena upande wa kushoto tu, kuanzia kifundo cha mguu. Kisha kiti kikalia, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapokikalia.

Tak.

Mtu alikuwa amebonyeza saa.

"Hatimaye," Krsman akasema kwa adabu. "Karibu, bwana. Huko nje kubaya, eh?"



Stamena hakugeuka. Bibi yao aliwaambia tangu utotoni: anayerudi kabla ya arobaini, usimtazame usoni, na akikuita usiitike. Aliyakaza macho kwenye ubao wake. Lakini jicho lina pembe, na kwenye pembe ile aliona mkono wa sweta ya kijivu. Ile aliyozama nayo barafu ilipovunjika. Walimzika na suti.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kiwiko. To... to... to...

Na hapo, chini ya ile ganzi, kitu kikamuuma kifuani. Kilimuuma kwelikweli, naye akakipokea kwa furaha. Kaka yake alikuwa pale. Anavuta makamasi vilevile, anasogeza farasi vilevile, kwa vidole viwili. Mchezo ukiisha ataondoka. Hilo hakuambiwa na mtu, alilijua tu.

Gvozden akapita nyuma yao, mikono mgongoni, kukagua meza. Akafika ya nne. Akasimama. Kapteni akarudi kwenye kiti chake, akakaa, na hakuinua kichwa tena.

Saa zikaendelea. Tak. Tak.

"Sare?" Krsman akasema.

Nafasi yake haikuwa mbaya, kila mtu aliiona. Lakini sauti ilikuwa imemkauka.

Kwenye ligi, mchezaji hakubali sare bila ruhusa ya kapteni. Radoje alikuwa mtu wa haya. Maisha yake yote hakuwahi kumuuliza kapteni mwenyewe, alimnong'oneza dada yake amuulizie.

"Mena..." Pumzi baridi ikamgusa sikio. "Tuchukue?"

Usiitike, bibi alisema.

"Cheza," Stamena akanong'ona.

Tak.

Baada ya muda akamtupia macho Krsman, kwa wizi. Kila mtu ukumbini alikuwa anatoka jasho. Krsman alikuwa anatoa mvuke mdomoni. Midomo yake imekuwa ya samawati, na mkono aliosogezea kete aliuburuta mezani kama si wake.

"Sare," Krsman akasema tena. "Bwana, nakuomba."

"Mena... tuchukue?"

Sasa alikuwa anajua. Alijua kabisa kwamba neno moja lingemwinua yule mfamasia kwenye kile kiti, akaenda kwa mkewe, akala supu. Neno hilo hilo lingemrudisha Radoje chini ya udongo. Krsman hakuwa na kosa lolote. Stamena alijaribu kumwonea huruma, lakini hisia zote alizobakiwa nazo zilikuwa zimegeukia kushoto.

"Cheza, kaka."

Kiti kikalia. Radoje alichelewa kidogo kusogeza, kuliko kawaida yake.

Tak.

Mara ya tatu Krsman hakuweza hata kusema. Midomo tu ilicheza. Stamena akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Alishinda mchezo wake mwenyewe bila kukumbuka hatua hata moja. Alipomaliza kumpa mpinzani mkono, upande wa kushoto ulikuwa umepata joto. Kiti kilikuwa kitupu, sakafu imelowa. Kwenye ubao wa meza ya nne, mfalme mweusi wa Krsman alikuwa amelazwa, ishara ya kukubali kushindwa.

Klabu ya kiwanda cha sukari haikushuka daraja. Hakuna aliyeshangilia. Gvozden alikusanya karatasi zake, akaenda kupanda gari la Sreten bila kuaga.

Krsman hakuweza kusimama. Walimfunika makoti wakisubiri daktari, mkono wake wa kulia ukiwa umelala mapajani, mweupe, hauna habari. Stamena akachutama mbele yake. Mfamasia akamtazama bila chuki, na hilo lilikuwa zito kuliko chuki.

"Nilimwomba sare mara tatu, dada," akasema taratibu. "Angekubali. Kila mara alikugeukia wewe."

Stamena alijua anapaswa kuomba radhi. Badala yake akauliza kile alichokuwa na kiu nacho tangu jioni ianze.

"Mimi sikumtazama. Niambie... anaonekanaje?"

Krsman akafumba macho.

"Amechoka," akasema. "Amechoka sana. Nilipomlaza mfalme nikanyoosha huu mkono tuagane, hakuupokea. Alisema mchezo bado, dada yake hajasema basi."

"Ameelekea wapi?"

"Anakusubiri nje, mwende nyumbani."

Stamena akavaa koti, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akatoka.