Maji ya Samaki Wasiokuwepo

Ndoo ilikwaruza chini ya kisima. Lucian akaivuta kamba, akaishusha tena, na sauti ikawa ileile... krrr, plastiki juu ya saruji. Ilikuwa mwisho wa Agosti, magharibi imeingia, na kisima cha nyumba aliyopanga pale Newala, kile kinachokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati, kilikuwa kimekaribia kukauka. Ndoo ya tatu ilipanda nusu. Alikuwa hoi, maana toka alfajiri alikuwa juu ya pikipiki akizunguka vijijini kuwaeleza wakulima kwa nini salfa ya kupulizia mikorosho imechelewa, jambo ambalo hata yeye hakulijua.

Alikuwa afisa kilimo, mzaliwa wa Bukoba. Mtu aliyekulia kando ya ziwa kubwa kama lile hufika Newala akidhani shida ya maji ni maneno ya kuombea miradi. Mwaka mmoja ulimtosha kujifunza, na bado hakuwa amejifunza vya kutosha.

Maji yale hayakuwa ya kupikia wala kuoga. Yalikuwa ya samaki.

Mkewe alihamishiwa Dodoma, barua ya Lucian ya kuomba kumfuata ikalala mezani kwa mkubwa fulani, na Careen, binti yao wa miaka saba, alikubali kubaki na baba kwa sharti moja: afugiwe bunju wadogo. Aliwaona kwenye simu. Samaki wasiozidi punje ya haragwe, wenye matumbo ya kujivimbisha na macho yanayozunguka kila moja kivyake. Baba mchovu hukubali lolote alimradi mtoto anyamaze. Siku aliponyamaza, ahadi ilikuwa imeshatoka.

Muuza samaki wa Dar, kijana mmoja anaitwa Abuu, alimpa masharti kwa simu kama mganga.

"Bosi, usinitumie hela ya samaki kwanza. Andaa maji. Lazima yakomae."

"Maji yanakomaa?"

"Wiki sita. Weka mchanga, majani, pampu ya hewa, halafu uwe unatupia chembe ya chakula kana kwamba samaki wapo. Vijidudu vya kula uchafu vizaliane. Na maji hayo usiyachezee chezee."

"Wiki sita tangi linakaa tupu?"

"Si tupu. Lina maji. Na utafute konokono wadogo, wengi, hawa jamaa ndiyo chakula chao. Utawapenda, bosi. Samaki wengine hawakutazami. Hawa wanakutazama."

Basi ndiyo hiyo kazi aliyokuwa nayo magharibi ile. Tangi la kioo lilikuwa sebuleni, linatazamana na mlango, taa yake imewashwa. Careen alishikilia sahani juu ya mchanga, naye Lucian akamimina juu ya sahani polepole ili mchanga usitibuke. Maji yakapanda. Yakang'aa. Mtoto akapiga makofi, na kwa mara ya kwanza wiki nzima Lucian akajisikia kuwa baba wa maana.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa kavu. Kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja mtu mzima alisimama kizingitini, kanga mbili zilizopauka, miguu nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Kichwani alikuwa na ngata, kile kitambaa cha kukalishia mtungi, lakini juu ya ngata hapakuwa na kitu. Hata hivyo shingo aliinyoosha, hakuinamisha wala kugeuza, kama mwenye mzigo anaoogopa kuumwaga.

"Shikamoo, mama," alisema Lucian.

Mgeni hakuitikia. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Naomba maji."

Uchovu una uchoyo wake. Lucian alifikiria kisima kilichokauka, dumu moja lililobaki jikoni, na safari ya kesho ya kusaka mwenye kuuza. Alifikiria pia maneno ya Abuu. Kikombe kimoja kisingemwua mtu. Lakini alikuwa amechoka kiasi cha kuchukia hata kuinua kikombe.

"Maji hatuna, mama."

Yule mama hakumtazama. Alitazama nyuma yake, kwenye kioo kinachong'aa.

"Na yale?"

"Ni ya samaki."

"Samaki wako wapi?"

"Hawajafika."

Pampu ikabubujika... blu, blu, blu.

"Wasiokuwepo umewawekea," alisema kwa kunong'ona. "Mimi niliyepo..."

Hakumalizia. Aligeuka mwili mzima, shingo imenyooka vilevile, akatembea hadi mikorosho ikammeza. Nyuma yake ilibaki harufu ya udongo mkavu uliodondokewa na mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

"Baba, mbona maji yapo?" Careen aliuliza.

Aibu ilimpanda Lucian, na kama ilivyo kawaida ya watu wazima, aliimalizia kwa mtoto.

"Usiwe na mdomo! Mtu yeyote akija kuomba maji, sema maji hatuna. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Sema."

"Maji hatuna."

Careen alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja tu. Walimu wake walimsifia hilo.

Wiki zikaenda. Kila jioni Lucian alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akatupia chembe ya chakula kwa samaki wasiokuwepo, akalala kabla ya taarifa ya habari. Aliona maji ya tangi yanapungua, upana wa kidole, kisha vidole viwili. Akasema ni joto. Aliona kila asubuhi kizingitini alama ya unyevu, duara, kama mahali palipotuliwa mtungi. Akasema ni umande. Mtu aliyechoka hana shida ya majibu. Huchukua lililo karibu.

Ambaye hakumwona ni mtoto.

Careen alianza kunywa maji. Kikombe kwa kikombe. Kisha jagi. Alikuwa akiamka kukojoa na kurudi kunywa, akinywa hadi pumzi zinamkatika, na bado analamba midomo. Sare ya shule ikaanza kumning'inia mabegani.

Aliyeona ni jirani, mwenye nyumba wake, Zena, ambaye kila mtu alimwita Mama Ashiru. Ndiye aliyekaa na mtoto mchana. Mkulima wa korosho, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Baba Careen, mwanetu anakwisha huyu."

"Anakua, Mama Ashiru. Wanarefuka wakati huu."

"Kurefuka gani kwa kuishia? Mpeleke hospitali."

"Wiki ijayo. Nikimaliza ugawaji wa salfa."

Mama Ashiru akaondoka bila kuaga.

Jumatano iliyofuata Lucian alirudi jua likizama. Nyumba ilikuwa kimya. Taa ya sebuleni haikuwashwa, ila ya tangi iliwaka, kijani kibichi kupitia majani. Akasikia sauti.

Gluk... gluk... gluk...

Careen alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, nywele zimelowa, mdomo umezama ndani ya tangi. Alikuwa akinywa maji yaliyokomaa, yenye konokono na kamasi zao. Majani yaliingia mdomoni, akayatema, akaendelea.

"Careen!"

Mtoto akainua uso. Macho yalikuwa yamezama ndani.

"Bibi anasema yapo," alinong'ona. "Anasema haya ndiyo yaliyobaki..."

Akaanguka.

Lucian alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ndio ulimtoa Lucian machozi, kwa sababu baba gani hajui uzito wa mtoto wake? Pumzi yake ilikuwa ya haraka, na ilinuka mabibo ya korosho yaliyochacha.

Gari la jirani iliwateremsha mlima wakimkimbiza Masasi. Pale hospitali ya Mkomaindo daktari alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Kisukari cha watoto," alisema. "Kiu, kukojoa, kukonda, harufu hiyo ya pumzi... hakuna uchawi hapo, baba. Atachomwa sindano kila siku ya maisha yake. Ila mngengoja hadi kesho tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Lucian alishukuru. Alipata jibu lenye jina na dawa, na alitaka sana liwe lote.

Siku ya tatu Mama Ashiru alifika na uji wa mtoto kwenye chupa. Careen amelala, mrija mkononi. Lucian, bila kukusudia, akamsimulia habari za yule mama wa ngata. Chupa ikabaki hewani.

"Ulimpa?"

"Sikumpa."

Mama Ashiru akaketi chini, akanyoosha miguu kama msibani.

"Zamani wamama wa kwetu waliteremka bondeni kufuata maji," alisema kwa sauti ya chini. "Unashuka genge, unachota, unapanda na mtungi, jua linakuchoma. Mmoja alifia njiani. Alipokutwa, mtungi uko wima pembeni yake, umejaa hadi shingoni. Hajagusa hata tone, kwa sababu yalikuwa ya watoto nyumbani. Kafa na kiu, Baba Careen, na maji ubavuni."

"Ndiye?"

"Mimi sijasema ndiye. Nasema kwetu anayeomba maji haulizwi anatoka wapi. Anapewa." Akamfunika mtoto shuka. "Akija tena mpe. Na nyumba nzima ijue hivyo. Na mtoto umwambie."

"Nitamwambia."

Careen alirudi nyumbani akiwa na mashavu. Dawa yake, kwa vile umeme wa kukatika hauaminiki, iliwekwa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa. Hata uhai wa mtoto ulihitaji maji, Lucian alifikiri, na hakupenda fikra hiyo.

Jioni ya kwanza alimtuma mtoto akaoge, akakaa kizingitini na kikombe mkononi. Giza likaanza kuingia. Harufu ikatangulia... udongo na mvua.

Yule mama alikuwa amesimama mbele yake. Shingo wima. Ngata kichwani.

Lucian alimpa kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amejaza jagi na ndoo pembeni. Aliapa kumpa tangi lote, hadi mchanga. Yule mama akanywa. Koo lilipanda na kushuka. Akarudisha kikombe.

"Chukua tena, mama."

"Inatosha."

Kikombe kimoja. Lucian aliona aibu kuliko woga. Mwanawe nusura azikwe kwa ajili ya kikombe kimoja.

Yule mama alipokwisha geuka, sauti ikamfikia kutoka mikoroshoni, imelainika kidogo.

"Marahaba."

Toka hapo kila magharibi kikombe kilikaa kizingitini. Asubuhi kikavu, pembeni yake lile duara. Hakumwambia Careen. Mtoto ametoka kwenye kifo, utaanzaje kumsimulia mambo ya wafu? Kesho, alijiambia. Akishapata nguvu. Na kesho alikuwa na kikao, na kesho kutwa alikuwa na wakulima.

Bunju walifika kwa basi, sita, kwenye mfuko wenye hewa. Abuu hakudanganya. Walizunguka majani wakitafuta konokono, wakisimama katikati ya maji kama wanaowaza, jicho moja huku, jicho moja kule. Careen aliwapa majina yote sita na kucheka akawa anacheka tena. Kitu kimoja tu kilimkera Lucian. Kila magharibi, kabla ya harufu, samaki waliacha kula. Walijipanga kwenye kioo, wamejivimbisha, na macho yote kumi na mawili yakaelekea mlangoni.

Kisha ukaja msimu wa minada ya korosho. Siku tatu hakulala vizuri. Ya nne alirudi saa kumi jioni, akakaa kwenye kiti sebuleni avue viatu. Alivua kimoja.

Usingizi ulimbeba hapohapo. Ndani ya usingizi pampu ilibubujika... blu, blu... kisha ikawa kama ziwa la kwao linapiga mawe. Alikuwa akipumzika, jamani. Mwili mzima ulikuwa ukipumzika.

"Hodi..."

Alisikia. Akataka kuinuka, mwili ukagoma.

Akasikia vijiguu vya Careen vikikimbilia mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Hapakuwa na jibu.

Lucian alifumbua macho. Kikombe kilikuwa mezani mbele yake, tupu, hakijajazwa. Ndani ya tangi samaki sita walikuwa wamejibana kwenye kioo, wamevimba, wanatazama mlangoni. Maji yamejaa hadi ukingoni, yanang'aa.

"Careen, subi—"

"Maji hatuna," alisema mtoto. Kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Lucian alirukia mlangoni, kiatu mguu mmoja, akanyakua jagi la maji, likamwagika lote njiani. Nje hapakuwa na mtu. Mikorosho ilisimama kimya. Kizingitini duara la unyevu lilikuwa likikauka mbele ya macho yake, na harufu ya mvua ilikuwa inaondoka.

"Mama!" aliita gizani. "Mama, yapo! Maji yapo!"



Careen alimvuta shati kutoka nyuma. Alikuwa anatabasamu, akingoja kusifiwa.

"Nimesema vizuri, baba?"

Lucian alipiga magoti, akamkumbatia. Alihisi ulimi wa mtoto ukilamba midomo, mara moja, mara mbili, karibu na sikio lake.

"Baba..."

"Naam, mama yangu."

"Nina kiu."