Nani Atakulilia Ukifa?

"Bibi, huyu mke alikufa lini?"

Mjukuu wangu aliuliza huku sindano yake ya kujalidia ikining'inia kwenye uzi. Mimi nilikuwa namkatia uzi mwingine kwa meno yangu mawili ya mbele, yaliyobaki kwa ukaidi tu.

"Mke gani?"

"Wa mchumba wangu."

Nikacheka. "Mke wa mchumba wako ni mimi. Mimi ndiye mke mkubwa, wewe unaletwa juu yangu Jumamosi ijayo, na nyumba utafagia."

"Bibi, leo sitanii. Njoo usome."

Nikaacha kucheka. Mjukuu wangu ni fundi wa kujalidi vitabu, vidole vyake havikosi gundi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Gundi. Mtu wa kazi ile haachi sindano ikining'inia. Siku ile aliiacha.

Alikuwa amemwaga sakafuni sanduku letu la karatasi, anazipanga kwa tarehe ili azishone kitabu kimoja, zawadi ya harusi kwa bwana harusi. Karatasi zenyewe ni za mchezo. Miaka sita sasa, kila Jumapili mchana, watu wanne tunakaa mezani nyuma ya duka la dawa tukijifanya watu wengine. Mwenye duka, tunamwita Dawa, ndiye Msimulizi. Anasema mbele yenu kuna mto, au kuna majambazi. Wewe unasema utafanya nini, unatupa kete, kete inaamua kama umepona. Kila mchezaji ana mhusika wake, na kila mhusika ana karatasi yake: nguvu, akili, silaha, majeraha. Mimi ni Mwizi wa Farasi. Nina miaka ishirini na mitano, napanda ukuta kama mjusi, na meno yangu yote yamo. Kufa nimeshakufa mara nne, kila nikifa naunda mwizi mwingine.

Kanuni moja niliileta mimi mwenyewe. Mhusika hakai mezani mpaka ajibu, nyuma ya karatasi yake: Nani atakulilia ukifa? Niliona watu wanakufa pale mezani kama nzi, nikasema angalau tujue msiba tunaupeleka mlango gani.

"Hizi ni za Mpima," Gundi akasema. "Sikiliza."

Mpima ni huyo mchumba. Mpima ardhi, mrefu, mpole, akija kwangu anavua viatu na kuvipanga mlangoni kama anaweka mpaka wa kiwanja. Nusu ya mwezi yuko nasi, nusu yuko safarini na vyombo vyake vya kupimia. Ramani zote za mchezo alizichora yeye.

Gundi akasoma karatasi ya kwanza, ya miaka sita nyuma. "Nahodha Radi. Nani atakulilia? Mke wangu mjamzito, nyumba ya milango miwili."

Ya pili. "Mlinzi Chuma. Mke wangu na binti yangu mchanga, nyumba ya milango miwili."

Ya tatu. "Mganga Chumvi. Mke wangu, na binti yangu mwenye kovu kidevuni."

"Sasa kuna nini?" nikasema. "Mtu anatunga. Mimi niliandika nitaliliwa na polisi."

"Bibi, wezi wako watano wana waume wanane."

"Walikuwa hawatoshi."

"Na mimi kila mhusika nilimpa mtu mwingine. Yeye mke ni yule yule, nyumba ile ile. Na mtoto anakua, Bibi. Anakua kwa tarehe."

Akanipa ya mwisho, Mwindaji Kivuli, ya wiki tatu zilizopita, Jumapili ile ile aliyomvisha Gundi pete. Herufi zimenyooka kama za kwenye hati ya nyumba.

*Nani atakulilia? Hakuna. Mke wangu alitumbukia kisimani.*

Gundi akachukua simu, akaandika: "Mpenzi, uko wapi leo?"

Jibu likaja kabla sijapata pa kukaa: "Niko kazini mji mwingine, siku tatu. Jumapili mezani. Kila kitu kinakamilika, tuanze maisha yetu."

"Kila kitu gani?" Gundi akaniuliza.

Nilikuwa nimeishika ramani ya kijiji cha Nahodha Radi. Daraja la nguzo tatu, kinu, tanki la maji, nyumba ya milango miwili, kisima hatua kumi na nne kutoka mlango wa nyuma. Mtu aliyezoea kupima hachori ovyo hata akicheza.

"Ule mji anaokwenda kila mwezi," nikamwambia. "Umewahi kufika?"

"Hajawahi kunikaribisha. Anasema ni vumbi tu."

"Vaa viatu."

* * *

Ijumaa asubuhi tulipanda basi, saa sita mchana tukashuka. Tulitoka stendi, tukakata kona moja, nikasimama ghafla.

"Bibi, magoti?"

"Magoti mazima. Hesabu nguzo za daraja."

Zilikuwa tatu.

Nikajitia ujasiri. "Hapa ndipo nilipokufa mara ya pili. Pale kwenye jiwe. Farasi alikimbia, mimi nikabaki na mshale wa shingo."

Hakucheka, na mimi sikuwa nacheka kweli. Hebu fikiria unatembea mchana kweupe katika mji usioufahamu, na unaufahamu. Kinu kushoto, kama kwenye karatasi. Tanki kulia, kama kwenye karatasi. Hatukumuuliza mtu njia. Kila kona iliyotimia, Gundi alinibana mkono zaidi, mpaka nikaona kucha zake zimeniachia alama.

Nyumba ilikuwa na milango miwili. Yote imefungwa. Nguo hazijaanikwa, hakuna sauti ya mtu wala ya redio.

"Tumechelewa," Gundi akanong'ona.

"Funga mdomo, tembea."

Tukazunguka nyuma. Hatua kumi na nne. Kisima kilikuwa na mfuniko mpya wa mbao, zimepigwa rangi ya kijani inayong'aa. Pembeni, ukutani, kilisimama kifuniko cha zamani cha chuma, kizima kabisa.

"Mnamtafuta nani?"

Moyo wangu uliruka ukarudi umekaa upande. Mwanamke alisimama nyuma yetu na ndoo mbili tupu. Mwembamba, macho ya mtu aliyezoea kulala peke yake.

"Shikamoo bibi," akaongeza.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndimi. Mume wangu hayupo, ni mpima ardhi. Kama ni habari za kiwanja, mngoje mwisho wa mwezi."

Gundi alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Nikamkanyaga mguu asiseme.

"Kifuniko kile cha chuma kina kosa gani?" nikauliza.

"Hakina. Kasema kizito, kitaniumiza mgongo. Wiki hii kaja siku moja tu kunitengenezea hizi mbao. Kasema ni imara, nikisimama juu nikaishusha ndoo kwenye tundu la pembeni, ndiyo kamba inavutika vizuri." Akatabasamu, masikini. "Niliogopa rangi haijakauka, jana nimechota kwa jirani. Sasa ndiyo nimekuja nijaribu."

"Na mtoto?"

"Shuleni. Jioni huwa ananisaidia kuvuta. Mmejuaje nina mtoto?"

Nilisogea na bakora yangu, nikaikandamiza katikati ya mfuniko kwa nguvu zote za uzee wangu.

Mbao zililia *kaa!* na kwenda. Bakora ikaniponyoka. Tukasubiri. Nilihesabu moja, mbili, tatu, ndipo maji yakaitika huko chini.

Kilichobaki kingoni Gundi alikiinua. Anajua makali ya vyombo, kazi yake ni kukata. Akageuza ubao, akatuonyesha upande wa chini. Nusu imevunjika sasa hivi, ina nyuzinyuzi. Nusu imekatwa kwa msumeno, imenyooka kama mstari wa rula.

Simu ya yule mwanamke ikaita. Akaitazama. "Ni yeye."

"Pokea," nikamwambia. "Weka sauti ya juu, tusikie. Na sisi hatupo."

"Haloo, mke wangu. Hujambo?" Sauti ile ile, laini, inayoniitaga *bibi yangu wa dhahabu*.

"Sijambo, baba."

"Umechota maji leo?"

Mwanamke akatazama kisima, akanitazama mimi.

"Bado."

"Chota mapema, giza lisije likakukuta. Rangi imeshakauka."

Simu ikakatika. Yule mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na ndoo zake.

"Ninyi ni nani?" akauliza.

Gundi akapiga magoti mbele yake, akavua pete, akaiweka kiganjani mwake. "Dada, mimi nilikuwa niolewe Jumamosi ijayo. Sikujua. Naapa sikujua."

Nilidhani atapigwa kofi. Yule mama aliigeuza pete, akaitazama muda mrefu. "Yangu aliniambia imepotea bafuni," akasema. "Hii ndiyo."

* * *

Kwenye kituo cha polisi, afisa mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mzito wa maneno. Alizitazama karatasi zetu, akatazama ubao.

"Bibi, ubao umekatwa, naona. Nani kaukata, ubao hausemi. Na hizi hadithi za Nahodha Radi nikizipeleka mbele, nitachekwa."

"Unataka aseme mwenyewe?"

"Ningependa."

"Basi njoo Jumapili utuone tukicheza."

Afisa akamwambia mke wa Mpima asipokee simu tena, na mtoto akalazwe kwa shangazi yake.

* * *

Jumapili Mpima aliingia na maua. Uso unamng'aa. Alivua viatu, akavipanga. Nyuma ya pazia la stoo ya dawa walikaa watu wawili, na Dawa jasho lilikuwa linamtiririka kama anauza sumu.

"Leo nasimulia mimi," Gundi akasema. "Dawa kachoka."

"Mke wangu msimulizi!" Mpima akacheka. "Haya, tuko wapi?"

"Kijijini kwa Nahodha Radi. Mmevuka daraja."

Kicheko kikapungua. "Kwa nini huko?"

"Nimekumbuka wahusika wa zamani. Nilikuwa nawajalidi. Mhusika wangu yupo nanyi, msichana mpiga mishale. Mmefika nyumba ya milango miwili, mnafukuzwa. Pa kujificha ni nyuma."

"Mwizi wa Farasi anazunguka nyuma," nikadakia. "Na meno yake yote."

"Nyuma kuna kisima. Kina mfuniko mpya wa mbao, wa kijani. Ukisimama juu yake unafikia dirisha, unaingia, unapona."

Mpima alikuwa ameshika kete. Aliiweka mezani taratibu. "Tutafute njia nyingine."

"Hakuna nyingine. Adui wamefika kwenye kinu. Mwindaji Kivuli anapanda?"

"Hapandi."

"Basi nitapanda mimi," Gundi akasema. Akachukua kete yenye nyuso ishirini, akaifumba kiganjani, akamtazama machoni. "Msichana wangu anaweka mguu wa kwanza kwenye mbao. Anaweka wa pili..."

"Usikanyage!" Mpima aliruka, kiti kikaanguka. Alimshika mkono kweli, kama kisima kiko pale chini ya meza. "Toka hapo! Zimekatwa kwa chini!"

Dawa akakiinua kiti kilichoanguka.

"Nani kakuambia zimekatwa?" Gundi akauliza, polepole. "Msimulizi ni mimi. Mimi nimesema ni mpya."

Mpima akauachia mkono kama umemchoma.

"Mpima," mjukuu wangu akasema, na machozi yakashuka bila sauti kutetereka, "mimi umenionya, na mimi ni wa karatasi. Yeye hukumwonya. Ulimpigia simu ukamhimiza akachote."

Pazia likasogea. Yule mama akatoka na ile ndoo yake, sijui kwa nini aliibeba safari nzima. Mpima alipomwona alirudi nyuma mpaka ukutani, rangi imemtoka kama ameona maiti inatembea. Na kwake yeye ilikuwa maiti. Alishaizika kwenye karatasi wiki tatu nyuma.

"Baba," yule mama akamwambia, "maji nimechota."

Afisa akamshika bega. "Vaa viatu, kijana."

Hakuweza. Vilikuwa vimepangwa mlangoni vizuri, akaondoka peku.

* * *

Kitabu Gundi alikimaliza, cha ngozi nyekundu. Karatasi za Mpima hazimo, ziko kwa afisa, na sasa hazichekwi na mtu. Harusi haikuwapo. Mjukuu wangu alilia siku tisa, ya kumi akarudi kazini, nikajua atapona.

Jumapili moja baadaye mlango wa duka uligongwa. Ni yule mama, na binti mdogo mwenye kovu kidevuni. Wamehamia mtaa wa tatu.

"Nimekuja kujua," akasema, "mchezo gani huu uliojua kifo changu kabla yangu."

Dawa akampa kiti haraka mno, nikaliona hilo nikalihifadhi. Gundi akampa karatasi mpya. Akajaza nguvu, akajaza akili, akaunda Mchimba Visima. Alipofika nyuma ya karatasi akaandika neno moja: *Sifi.*

"Hilo si jibu," nikamwambia. "Kanuni ni kanuni. Nani atakulilia?"

Akamtazama mjukuu wangu upande wa pili wa meza, akafuta, akaandika: *Gundi.*

Mjukuu wangu akasoma kichwa chini miguu juu, akavuta karatasi yake mwenyewe, akafuta jina alilokuwa ameandika, akaandika: *Mchimba Visima.*

"Haya basi," nikasema, "tupeni kete, wake wenza. Mimi nina farasi wa kuiba."