Skrini ya Mhasibu

Kila siku baada ya masomo, Redio alikwenda ofisini kumsubiri mama yake. Jina hilo alipewa na wenzake darasani. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa imeshaisikia.

Mama yake alitunza kompyuta zote za kiwanda cha sabuni. Mashine ikizimika, anaitwa yeye. Karatasi ikikwama kwenye printa, yeye. Hata balbu ikiungua kuna waliomwita, kana kwamba kila kinachotumia umeme ni ndugu yake. Jioni alikuwa hoi, macho mekundu, maneno machache.

Siku moja kompyuta ya Mhasibu ilikuwa inajikokota, na mwenyewe alikuwa ametoka kwenda benki. Mama hakuinuka. Kutoka mezani pake aliweza kufungua skrini ya mfanyakazi yeyote na kuitengeneza hapohapo. Skrini ya Mhasibu ilipotokea, Redio, aliyesimama nyuma ya kiti, akaona ukurasa ulioachwa wazi. Mhasibu alikuwa anaomba kazi katika kampuni nyingine.

"Umeona nini?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Sijaona kitu."

"Vizuri. Na kisichoonekana hakisimuliwi."

Redio alijitahidi. Usiku ule alijitahidi kweli. Lakini asubuhi aliketi dawati moja na binti wa meneja wa kiwanda, na habari ikawa inamwasha ulimini kama pilipili. "Nikwambie kitu? Ila usimwambie mtu."

Binti wa meneja hakumwambia mtu. Alimwambia baba yake tu.

Siku iliyofuata, Redio alipofika ofisini alikuta hewa imebadilika. Mhasibu, ambaye kila siku humtania "Redio, leo unarusha matangazo gani?", alipita kimya kama hamjui. Mtunza ghala alipomwona Mama anakuja, akaifunga kompyuta yake upesi.

"Si ulisema ina matatizo?" Mama aliuliza.

"Iache tu, fundi. Itapona yenyewe."

Kumbe Meneja alikuwa amemwita Mhasibu na kumwambia kwamba cheo alichoahidiwa atapewa mtu mwingine, asiye na mguu mmoja nje. Na kiwanda kizima kilijua nani pekee anaweza kufungua skrini za watu.

Baadaye Meneja mwenyewe akaja, akaegemea meza ya Mama.

"Fundi, kumbe una macho kila chumba. Uwe unaninong'oneza nani anatafuta kazi nje. Nami sitakusahau."

"Niache nifikirie, bosi."

Alipoondoka, Mama alijishika kichwa. "Nikikubali, nimekuwa mpelelezi. Nikikataa, nitaonekana nina kiburi. Na wenzangu wameshanihukumu. Nimechoka, mwanangu. Sijui hata habari ile ilimfikiaje Meneja."

Redio alitazama sakafu. "Ilitoka kwangu, Mama. Nilimwambia binti wa Meneja."

Mama akasimama, taratibu, kama mtu aliyebeba gunia. "Twende. Utayasema mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Mbele ya Mhasibu, Redio aliyasema, sauti ikimkatika. "Shangazi, Mama hakusema. Ni mimi. Nisamehe."

Mhasibu alishusha pumzi. "Na mimi nimemsema mama yako hadi kwa mlinzi wa getini. Kazi yenyewe hata sijaitwa. Sasa naweza kukosa huku na kule."

Mama akaenda kwa Meneja, Mhasibu na Redio wakimfuata.

"Bosi, aliyesema ni mwanangu, na kosa la kumwacha aone ni langu. Lakini mimi natengeneza mashine, watu siwachungulii. Kompyuta yako nimeifungua mara ngapi? Umewahi kusikia lolote lako likitembea?"

Meneja alikuna kidevu. "Sijawahi."

"Nikianza kukuletea ya wengine, jiulize ya kwako nitampelekea nani."

Meneja akamtazama Mhasibu. "Keti. Badala ya kusikiliza umbeya wa watoto, ningekuuliza mwenyewe kwa nini unataka kuondoka."

Walizungumza hadi milango ikaanza kufungwa. Mhasibu alitoka na ahadi ya cheo chake mkononi, na Mama akaweka utaratibu mpya: hafungui skrini ya mtu ila mwenyewe awe ameketi kando yake.

Kesho yake Mtunza ghala alileta kompyuta yake. Redio akasogea, lakini Mama akamwonyesha benchi la nje.

"Bado hujanisamehe?" Redio aliuliza.

"Nimekusamehe jana ileile. Ila msamaha ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Mtu akikuachia mlango wake wazi, amekupa heshima. Uaminifu si kutoiba mali tu, mwanangu. Hata siri ya mtu ni mali yake. Nenda ukakae, ujifunze kunyamaza. Siku nikiona umeweza, nitakuita mwenyewe."